Simba wa Impala: nani akae kizimbani?

Mwalimu wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anayetaka wanafunzi wake wamwone simba ana njia mbili. Akodi basi hadi Maasai Mara, gharama ambayo wazazi wengi hawaiwezi, au awapeleke Impala, hifadhi ndogo ya Kisumu ambako simba wamefungiwa vizimbani, pale kando ya Ziwa Victoria karibu na Dunga, na warudi kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa wanaotetea vizimba, na wapinzani huipita mbio, hasa wale ambao Mara wameshakwenda.

Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swalapala waliokuwa wamesalia ufukoni, na hadi leo swala hao hawafungiwi. Eneo lote halifiki nusu ya kilomita ya mraba. Swala hapo anaishi. Simba anahitaji makumi ya kilomita za mraba. Mwaka 2003, Ros Clubb na Georgia Mason walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi kuhusu wanyama walao nyama waliofungiwa. Wale ambao porini huzurura mbali ndio waliozidi kwenda na kurudi bila sababu kizimbani, na watoto wao kufa wachanga. Mtoto anayemtazama mnyama wa namna hiyo atajua sura na ukubwa wake. Anavyowinda na kuishi na wenzake, hapana. Hata hivyo sidharau sura. Wengine wetu tulianzia hapo.

Basi wafunguliwe? Simba aliyelelewa kwa mikono ya watu hajui kuwinda wala hawaogopi binadamu. Ataelekea zizini, na mwenye ng'ombe ataimaliza kesi kwa mkuki au sumu. Hata mnyama aliyezoea pori, kumhamisha si mchezo. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki. Hakuna aliyepona, na maji ya huko yenye chumvi nyingi yalitajwa kuwa chanzo kikuu.

Watetezi hupenda pia kumtaja kifaru mweupe wa kaskazini. Najin na Fatu, majike wawili waliobaki duniani, walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki, huku majangili wakiwamaliza ndugu zao porini. Ni kweli, bila kizimba hata hao wasingekuwapo. Lakini waliletwa Kenya mwaka 2009, wakakaa katika hifadhi ya Ol Pejeta, kwa matumaini kwamba hapa wangezaa kuliko Ulaya. Hawakuzaa, na dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, akafa mwaka 2018.

Kwangu mimi, la kuuliza kwanza ni mnyama ametoka wapi. Yatima, majeruhi, kasuku aliyeokolewa mikononi mwa walanguzi: hao watunzwe, na ada ya kiingilio iwalishe. Kuzalisha simba ndani ya kizimba ili mgeni asikose cha kupiga picha ni jambo jingine, nami silikubali. Shida ni kwamba mgeni aliyelipa langoni hana njia ya kuwatofautisha. Kila kizimba kiwekwe kibao kinachosema mnyama alitoka wapi, aliletwa lini, na kwa nini hawezi kurudi. Pasipokuwa na la kuandika kwenye swali la tatu, mnyama huyo akifa asitafutwe mwingine wa kujaza nafasi yake.