Matege chini ya jua la ikweta

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na mwaka mzima haikosi miale ya jua inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, inayousaidia mwili kuitumia kalsiamu kujenga mfupa. Hata hivyo watoto wenye matege, ugonjwa wa mifupa laini unaopindisha miguu, hawajaisha katika mitaa kama Mathare na Korogocho. Mabishano yameanzia hapo. Wapo wanaosema jua linatosha, mama aelekezwe tu. Wengine wanataka kila mtoto apewe matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku tangu kuzaliwa hadi atimize mwaka, kama yanavyoshauri mapendekezo ya kimataifa ya 2016.

Wa jua wana hoja. Jua halinunuliwi, na ngozi haizidishi vitamini D hadi ikawa sumu. Matone yanaweza. Chupa moja hubeba yuniti 400 katika tone moja, nyingine katika mililita nzima. Mama aliyezoea mililita akibadilishiwa chupa bila kuelezwa, mtoto anameza kipimo cha wiki kadhaa kwa mpigo. Hilo likiendelea, kalsiamu hupanda kwenye damu: mtoto hutapika, hufunga choo, hukojoa sana, na figo huanza kuota mawe.

Tatizo ni jua lenyewe tunaloshauri. Mama huambiwa amtoe mtoto kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, naye humtoa akiwa amefungwa shali na kuvishwa kofia ya mavini. Wakati huo jua liko chini na miale inayohitajika ni michache. Kivuli chako kikiwa kirefu kukupita, ngozi inafanya kazi kidogo sana. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kioo huizuia miale hiyo. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi. Halafu kuna ghorofa za mtaa wa Pipeline zilizobanana hadi jua halifiki chini, na mawingu ya Julai. Maziwa ya mama hayazibi pengo: kwa kawaida lita nzima haifikishi yuniti 80. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, basi, naona wa matone wameshinda, mradi chupa isomwe.

Wanapokosea ni pale wanapoipeleka dawa hiyohiyo kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu na kuona kazi imekwisha. Kwanza, miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi ni kawaida na hunyooka yenyewe. Angalia kifundo cha mkono kilichopanuka, vinundu vilivyopangika mbavuni kama tasbihi, na eksirei inayoonyesha ncha za mifupa zimetanuka na kuchakaa.

Pili, huenda kinachokosekana ni kalsiamu. Utafiti uliochapishwa 1999 kutoka Nigeria ulionyesha kwamba watoto waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa na takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Mtoto wa Nairobi anayeshindia uji mwepesi, ugali na chai ya strungi hayuko mbali na hapo, na fiteti, kemikali iliyomo kwenye mahindi, hushika hata hiyo kalsiamu kidogo isifyonzwe. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300. Omena waliosagwa na mifupa yao husaidia, sukuma wiki pia, na kuchachusha uji hupunguza fiteti. Matibabu ni yuniti 3,000 hadi 6,000 za vitamini D kwa siku kwa angalau wiki 12, pamoja na miligramu 500 za kalsiamu kila siku. Kumpa dozi kubwa ya vitamini D bila kalsiamu ni hatari: mfupa unaoanza kupona huinyonya kalsiamu ya damu, na mtoto anaweza kupata degedege.

Tatu ni fosfeti, madini mengine ya mfupa, ambayo pande zote mbili huisahau. Kalsiamu ikipungua, homoni ya parathiroidi, inayosimamia kalsiamu ya damu, huiamuru figo imwage fosfeti kwenye mkojo, na gegedu ya ukuaji, sehemu laini ya ncha ya mfupa, ikiikosa haigeuki mfupa. Wapo watoto wachache ambao figo zao huimwaga kwa kasoro ya kurithi. Hao unaweza kuwapa vitamini D ya kawaida mwaka mzima wasinyooke. Kumpima kila mtoto fosfeti ya damu ni gharama, nakubali. Ila asiyeonyesha dalili ya kupona kwenye eksirei baada ya wiki 12, au mwenye mzazi mfupi wa miguu iliyopinda, apimwe. Damu isivunjike kwenye sindano, maana chembe nyekundu zikipasuka humwaga fosfeti na jibu hupanda kwa uongo. Na usome kiwango cha watoto: fomu nyingi za maabara huchapisha cha watu wazima, ambacho kwacho milimoli 0.9 kwa lita ni sawa. Kwa mtoto wa miaka miwili, hiyo ni chini.