Mpaka mtu afe ndo mtaa ufungwe?

Jumanne asubuhi maziwa yamemwagika mtaani kwetu. Madumu mawili ya njano, yamefungwa kwa mpira wa tairi nyuma ya Phoenix ya mzee anayetuletea maziwa hapa Mbeya kutoka upande wa Uyole, mzee ambaye wanangu wote wamekua kwa maziwa yake. Noah imekuja mbio kweli, ikamkosa yeye ikapiga dumu, baiskeli huko, mzee huku. Akakaa ukingoni mwa mtaro anaangalia maziwa yanavyotelemka, mbwa wa jirani ashafika analamba, na dereva kashuka. Mnajua alianza na nini? Kainama anakagua bampa! Alivyoridhika bampa zima ndo akamgeukia mzee, "Sasa mzee wangu, baiskeli na barabara wapi na wapi?"

Tukamchangia mzee, dereva akatoa elfu kumi kwa shingo upande akaondoka. Ila lile swali limenikaa kooni mpaka leo. Barabara gani bana? Pale kuna genge la mama, kuna dada anasuka nywele kibarazani, kuna watoto wanatumwa chumvi. Ule ni mtaa.

Kosa letu ni kushangilia lami. Enzi za matope masika tunavua viatu, ndala mkononi, nani alikuwa anakatiza kwetu? Siku lami imekauka watoto walilala kifudifudi juu yake wanaota joto, ilikuwa mwezi wa saba na baridi ya Mbeya mnaijua, mi mwenyewe nikasimama nawaangalia nimefurahi kama mjinga. Haikupita muda madereva wakagundua kwamba ukiikimbia foleni ya Mafiati na Kabwe unaweza kujipenyeza kwetu ukatokea kule mbele. Sasa na huu upanuzi wa haiwei, njia nne kuanzia Nsalaga mpaka Ifisi, kilometa 29, vifusi huku, mchepuko kule, ndo imekuwa balaa. Upanuzi siupingi, malori ya Zambia na Kongo yamepita katikati ya jiji miaka yote na ile njia ilishazidiwa. Ila hao wa magari madogo wanaokatiza kwetu si wageni wetu. Jumamosi moja nilikaa nje na chai yangu nikahesabu gari zinazosimama kushusha mtu au mzigo, vidole vya mkono mmoja vilinitosha. Zilizobaki zote zinapita tu, honi, vumbi la pembeni, kwaheri.

Tena msiniambie matuta. Matuta tunayo mawili. Gari inafunga breki, inapanda, ikishuka inakanyaga mafuta kwa hasira utadhani tuta limemtukana mama yake, na bodaboda wanalikwepa pembeni kabisa kule ambako ndo watu wanatembea. Tukiongeza la tatu tutakuwa na kelele tatu.

Mwezi wa tatu bibi mmoja wa jirani alifariki, Mungu amrehemu. Mnajua tunavyofanya, turubai likafungwa katikati ya lami, mabenchi, masufuria jikoni kwa jirani, na mwanzo wa mtaa vijana wakaweka matawi na mawe mawili matatu. Siku tatu mtaa umefungwa. Hakuna trafiki, hakuna kibali cha mtu wala bango. Gari inakuja, inaona matawi, dereva anazima mziki mwenyewe, anageuza taratibu, wengine mpaka wanatoa kofia. Siku ya pili hawakuja kabisa, walishaambiana. Na jiji halikufa! Foleni ya Kabwe ilikuwa ileile ya kila siku. Mwenye nyumba upande huu aliingilia huku, wa upande ule akaingilia kule, hata gari iliyomleta bibi ilifika hadi mlangoni.

Watoto walikuwa wanacheza rede huku mwisho, wameambiwa wasipige kelele kwa heshima ya wafiwa, kwa hiyo wanacheza rede ya kunong'ona, mwone mtu anavyokwepa mpira kwa kunong'ona. Mzee wa maziwa akapita katikati kabisa ya lami, kengele yake nikaisikia nikiwa chumbani, na sikumbuki mara ya mwisho kuisikia nikiwa ndani ilikuwa lini. Wazee ambao huwa hawatoki getini walitembea hadi msibani na fimbo zao. Siku ya tatu jioni, wanakunja turubai, nikajikuta natamani msiba uongezwe siku mbili. Nikajiona mchawi kabisa.

Ndo swali langu hilo. Mtaa tunaujua kuufunga, tena kuliko injinia yeyote, kwa nini mpaka mtu afe?

Najua mtasema nimeanza mambo ya Ulaya. Haya, na ya Ulaya nayasema. Uholanzi kuna mji unaitwa Groningen, mwaka 1977 waliigawa katikati ya mji vipande vinne, ukiwa na gari hutoki kipande hiki ukaingia kile moja kwa moja, unarudi nje kwenye barabara ya mzunguko ndo unaingilia upande wa pili. Mwenye miguu na mwenye baiskeli anakatiza tu. Wenye maduka walilalamika sana, leo ule mji unasifika dunia nzima kwa baiskeli. Ghent ya Ubelgiji wakafanya hivyohivyo 2017. Na hao Waholanzi hawakuzaliwa na baiskeli mgongoni, miaka ya sabini magari yalikuwa yanawaulia watoto, wazazi wakaingia mitaani wakachachamaa. Kwa kifupi, mtu anayekuja kwako anaingia, anayepita tu anatafuta kwingine. Sasa hiyo na matawi ya msiba tofauti yake nini?

Mwenye duka atasema wateja watapungua. Wateja wake wanakuja na ndala, mmoja mmoja, mafuta ya mia tano.

Zimamoto na mgonjwa, hapo sawa, hoja ipo. Ndo maana sitaki ukuta, nataka kitu cha kusogezwa. Halafu milima. Nakubali, nisiwe mbishi, hapa si Tanga, ukielekea upande wa Loleza na baiskeli utashuka usukume na mapafu yakuulize maswali. Lakini wanaopandisha mkaa na viazi kwa baiskeli kila siku hamuwaoni? Kilima hakijawahi kumwaga maziwa ya mtu.

Na bodaboda, kusema ukweli, watapita tu. Hilo sina jibu, labda wakipita peke yao bila Noah nyuma yao watakuwa wapole kidogo. Labda.

Nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kanisikiliza vizuri, kacheka, kasema "Mwalimu, unataka kutufiwisha kila siku?" Lakini ajenda kaiandika. Akasema barabara ni ya TARURA, wale wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, hatuwezi kuweka kitu kienyeji, kwanza wananchi wakubali kwenye kikao halafu barua iende. Sawa, barua naandika mimi.

Kikao ni Jumapili saa kumi, pale chini ya mparachichi. Ombi langu ni mapipa mawili ya udongo yenye maua katikati ya mtaa, kwa miezi mitatu ya majaribio, ikishindikana tunayaondoa. Mapipa nimeshapata, yako uani kwangu, mke wangu ameshaanza kuyaanikia nguo. Mwenye toroli la kuazima anitafute, na nyie wa upande wa genge njooni mapema, maana mwenye ile Noah nimeshajua anakaa wapi, ni mtaa wa pili tu hapo, na yeye nimemwalika.