Ugenini Nairobi: anza kupanga kwenye kurudi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo ni wa mabaharia, lakini shabiki wa klabu ya mpira ya Bandari anayetoka Mombasa kuifuata timu Nairobi ana haki ya kuuandika nyuma ya jezi. Safari za ugenini haziharibikii kwenda. Kwenda kuna nyimbo, kila mtu ana pesa mfukoni, na hata anayechelewa anasubiriwa kwa utani. Huharibika kati ya kipenga cha mwisho na saa nne usiku, wakati watu wana njaa, simu zimekufa chaji, wawili hawajulikani waliko na treni haimngoji mtu.

Kwa hiyo rai yangu ni moja. Ukiketi kupanga, usianze na saa ya kuondoka Mombasa. Anza na saa ya kuondoka Nairobi, kisha rudi nyuma hatua moja moja mpaka ufike Mwembe Tayari kwenye mabasi au Miritini kwenye treni.

Tuchukue mechi ya Jumapili saa tisa mchana uwanja wa Nyayo. Dakika 90, mapumziko 15, na zile za majeruhi: mpira unaisha kama saa kumi na moja kasoro dakika tano. Kutoka jukwaani, kukusanyana nje na kuhesabiana vichwa kunakula dakika 25. Treni ya usiku inaondoka Syokimau, kituo cha SGR cha Nairobi, saa nne kamili, na mtu mwenye akili yuko kituoni saa tatu, kwa sababu kuna ukaguzi. Umebakiwa na saa tatu na dakika arobaini. Humo mna chakula, kinywaji, swala ya Magharibi kwa wanaoswali, na barabara ya Mombasa Road jioni ya Jumapili, ambayo usiipe chini ya saa moja na robo. Toa hayo yote uone kilichobaki. Si kingi, lakini kinatosha kama kila kitu kimeagizwa mapema.

Mechi ikiwa Kasarani, ng'oa saa nzima katika hesabu hiyo. Uwanja uko Thika Road, upande wa pili kabisa wa jiji kutoka Syokimau. Na ikiwa ni mechi ya kombe, weka akiba ya dakika 50: nusu saa ya muda wa ziada, vipumziko vyake, na mikwaju ya penalti. Kombe, Kasarani na treni ya saa nne usiku ni vitu vitatu ambavyo mimi singeviweka siku moja. Hapo lala, au panda basi.

Sasa treni. Tangu Januari 2024 nauli ya Mombasa hadi Nairobi daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa kichwa. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, watatu upande huu na wawili upande ule, jambo ambalo kwa mashabiki ni raha na kwa abiria wengine ni adhabu. Tikiti hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti, na malipo ni kwa M-Pesa. Linalowakwamisha wengi ni kitambulisho: kila abiria anaandikwa kwa nambari yake, nayo hukaguliwa kituoni. Usikusanye majina, kusanya nambari za vitambulisho. Orodha yenye "Babu", "Chege wa Likoni" na "rafiki yake Ali" haikati tikiti.

Mtego mkubwa ni treni ya saa mbili asubuhi. Ukiitazama kwenye ratiba unaona inafika Nairobi kama saa nane mchana, mechi saa tisa, mambo sawa. Si sawa. Hiyo ndiyo inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na kwingineko. Ikishafika, kushuka tu na kutoka kituoni ni kama dakika 20, kisha ndiyo uanze kutafuta gari la mjini. Utaingia uwanjani wenzako wanatoka mapumzikoni. Mwenye kwenda kwa treni aondoke Jumamosi: ile ya saa tisa mchana kama ana pa kulala, au ile ya saa nne usiku kama hana. Ya usiku inamfikisha alfajiri, giza bado. Asitoke kituoni giza hilo na begi mgongoni. Angoje ndani, kisha achukue treni ya mjini hadi stesheni kuu, na kutoka hapo Nyayo ni mwendo wa miguu usiozidi nusu saa.

Ukaguzi wa Miritini nao unahitaji maandalizi. Mabegi yanapangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasogea kando, mbwa anapita akinusa moja baada ya jingine. Baada ya hapo mashine. Visu, viberiti vya gesi na makopo ya rangi ya kupuliza havipiti, na hayo makopo ndiyo watu husahau walipoyaweka baada ya kuandika mabango. Andikeni mabango nyumbani kwa rangi ya brashi, yakauke siku mbili, myakunje. Fimbo za bendera ziwe mabomba membamba ya plastiki, kwa kuwa hata mbao ikipita kituoni itanyang'anywa langoni pa uwanja.

Wapo wasioitaka treni, na wana hoja. Ratiba ya ligi yetu haiaminiki: mechi ya Jumapili inakuwa Jumamosi, ya Nyayo inahamishiwa Machakos, na unajua hayo Alhamisi. Tikiti 30 za treni zilizokwisha lipwa haziwezi kugeuzwa kwa simu moja, ila mwenye basi mtaelewana. Mimi nasema hivi: mkiwa chini ya kumi na watano, treni. Mkizidi ishirini na watano, kodini basi. Hapo katikati fanyeni hesabu.

Na hesabu ya basi ni hii. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 485. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini, andika kilomita 1,020. Basi dogo la abiria 33 hula lita moja ya dizeli kwa kilomita tano hadi sita, basi ni takriban lita 185. Zidisha kwa bei ya mwezi huo, na uangalie kalenda: bei mpya ya mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza usiku huo huo. Mwenye gari aliyekupa bei tarehe 10 kwa safari ya tarehe 16 atakupigia simu. Gharama yote igawe kwa watu 28, si 33, kwa sababu watano watajitoa, na hao watano ndio waliokuwa wakipiga kelele kuliko wote kwenye kikundi cha WhatsApp. Wakija wote 33, ziada inalipa chakula cha dereva.

Dereva, kwa kweli, wawe wawili. Sheria inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane kwa siku, na njia hii peke yake huchukua saa nane mpaka kumi, malori yakikubali. Malori hayo yamebeba makontena kutoka bandari ileile inayoilea timu, na foleni yake Mariakani haijui wewe ni shabiki wa nani. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kumkaribisha dereva uwanjani. Mnamwona ni ukarimu. Anashangilia dakika 90 juani, halafu usiku mnamkabidhi roho 33 na barabara ya Taru. Mlipieni chumba cha mchana alale. Na msikodi basi la shule kwa sababu ni rahisi: haliruhusiwi kusafiri usiku, na polisi wanalitambua kwa ile rangi ya manjano kutoka mbali.

Tuje kwenye baa, ambapo ndipo watu hupanga kwa moyo badala ya saa. Sheria ya vileo ya 2010, ile ambayo kila mtu anaiita ya Mututho, inairuhusu baa ya kawaida kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwisho saa tano usiku. Mechi ni saa tisa. Foleni ya lango la Nyayo siku ya vigogo Gor Mahia au Leopards hula dakika 40. Kwa hiyo muda halali wa kunywa kabla ya mpira ni dakika 20, na bia iliyonywewa kwa dakika 20 ni ya kulipia choo tu. Zipo baa zinazofungua mlango wa nyuma tangu asubuhi, najua. Ukikutwa humo, tikiti yako ya uwanjani itatazama mechi peke yake.

Baa ni ya baada ya mechi. Upande wa Nyayo, mtaa wa Nairobi West uko ng'ambo tu ya Lang'ata Road, umejaa sehemu za nyama choma na vinywaji. Kenyatta Market hakuko mbali, na wanaotaka nyama bila ya kelele za baa huko ndiko kwao. Msafara wa Mombasa una wanaokunywa na wasiokunywa, na mpango mbovu ni ule unaowagawa sehemu mbili za mji. Tafuteni mahali penye hoteli mbele na baa pembeni, au milango miwili iliyo jirani. Pigeni simu Alhamisi, muulize mambo matatu: nyama imechinjwa na nani, mnaweza kutupa meza za watu 28, na siku ya mechi mashabiki gani hujaa hapo. Jibu la tatu ndilo muhimu. Kuimba nyimbo za ushindi katikati ya watu wa kijani, wale wa Gor Mahia, waliofungwa si ushujaa.

Nyama ya mbuzi inapimwa mbichi. Ikichomwa inapungua, na mfupa nao haulikiki, kwa hiyo kilo moja ni ya watu watatu wakiwa na ugali na kachumbari. Watu 28, kilo tisa au kumi. Kuchoma kunachukua dakika 45 hadi saa nzima, na hapa ndipo jioni nyingi hupotea: watu wanafika saa kumi na moja na nusu, wanaagiza, nyama inatoka saa kumi na mbili na nusu, wanakula kwa pupa, gari linapiga honi. Mtu mmoja, asiye mlevi wa mpira, apige simu dakika ya 60 aseme "wekeni". Mkifika inakatwakatwa. Na malipo yamalizwe kabla ya sahani kuja. Bili inayogawanywa na watu walioshiba haijawahi kutimia.

Chakula cha njiani kichukuliwe Mombasa, ila kwa akili. Mahamri hukaa siku mbili bila taabu. Mbaazi za nazi zilizopikwa Jumamosi jioni zitakuwa zimechacha kabla ya adhuhuri ya Jumapili, hasa zikifungiwa kwenye kopo moto. Katlesi na kebabu zipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Viazi karai ni vya kuliwa hapo hapo. Ndani ya basi vinalowesha karatasi, kisha kiti, kisha suruali.

Wanaoswali wanajua kuwa msafiri ana ruhusa ya kuunganisha Adhuhuri na Alasiri. Fanyeni hivyo kabla ya kuingia uwanjani, maana Alasiri inaingia mpira ukiendelea, na ukitoka langoni huwezi kurudi tena kwa tikiti ile ile.

Nguo: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti, mtu aliyetoka Kisauni na fulana na kandambili atatetemeka mpaka apoteze sauti ya kushangilia. Koti liwe la kuvaliwa, si la kubebwa kwenye begi lililoachwa kwenye basi.

Kuhusu viwanja vya mbali zaidi, Kisumu, Kakamega, Kisii, sina mengi. Kisumu ni kama kilomita 830 kutoka hapa. Mabasi ya moja kwa moja yapo, yanaondoka mchana na kufika asubuhi. Huko mtu anaomba ruhusa kazini Jumatatu, au haendi. Nachekeshwa kidogo na ramani: uwanja wa Mkwakwani, Tanga, uko karibu nasi kuliko uwanja wowote wa Nairobi. Na mwaka 2019, Bandari ilipocheza Kombe la Shirikisho Afrika, hata mechi za "nyumbani" zilichezewa Kasarani. Shabiki wa Mombasa alisafiri kilomita 485 kuwa mwenyeji.

Mwisho, mweka hazina. Pesa zikusanywe kwa nambari moja ya till ya M-Pesa, siku ya mwisho iwe Jumatano, na jina bila pesa si jina. Hesabu itumwe kwenye kikundi safari ikiwa bado inaendelea, watu wakiwa wamekaa mahali pamoja. Aweke pia noti za mia mia kando, kama shilingi elfu mbili, asiziguse Nairobi. Treni ya usiku inafika Miritini alfajiri, tuktuk zinapanga bei zikiona mabegi, na hakuna hata mmoja katika msafara atakayekuwa na chaji ya kutuma M-Pesa.