Waathirika wengine tunakaa nao darasani

Jana nimemkuta mwenzangu mmoja wa darasani kaanika madaftari yake kwenye kamba ya nguo, kazibana kurasa na vibanio moja moja. Wino wa buluu umetambaa karatasi nzima, hujui wapi mada ya kwanza wapi ya tatu. Kwao Micheweni, Pemba, hapa Unguja kapanga chumba bondeni Mwanakwerekwe na wenzake wawili kwa sababu kodi ya huko ndo wanayoimudu, na usiku ule wa mvua maji yaliingia saa nane yakafika mpaka kwenye godoro. Asubuhi yake akaja chuoni kufanya testi, miguuni viatu vya kuazima.

Na asubuhi hiyo hiyo nje ya ukumbi kulikuwa na boksi la kuwachangia waathirika wa mafuriko. Alitia elfu mbili. Nilimuona kwa macho yangu na sikujua kitu, wallahi ningejua ningemzuia mkono.

Hili ndo linaloniuma. Sisemi tusichangie, mchele na magodoro tuliyowapelekea wale waliohamia skuli yamesaidia, nilikuwepo, bi mkubwa mmoja alipokea shuka akajifunika nayo pale pale. Disemba 2023 tope na mawe ya Mlima Hanang yalipoishukia Katesh tulichanga pia, na hakuna aliyeuliza Hanang na sie wapi na wapi. Moyo tunao. Lakini chuo kikianza kuwatafuta waathirika kinatazama nje ya geti tu, wakati wanafunzi wa kutoka Pemba na mashamba wengi wao wamepanga huko huko bondeni, na maji ya kule si ya kupita, yanakaa, hayana njia ya kwendea baharini, yanachanganyika na ya makaro na yakikauka yanaacha tope na harufu siku kadhaa. Na si jambo la ghafla hata kidogo, masika ni Machi mpaka Mei kila mwaka, Mei 2017 mvua ilizidi mpaka skuli zikafungwa, kwa hivyo ratiba ya testi inapopangwa kila mtu anajua wakati ule mvua zipo.

Mwenzangu aliomba testi yake isogezwe, akaambiwa alete barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wake, yenye muhuri. Jamani, sheha siku ile yumo ndani ya maji mpaka magotini anazunguka nyumba kwa nyumba, hiyo barua ataiandika saa ngapi? Basi akaingia kufanya testi hajalala, hajasoma, na noti zake zimo ndani ya beseni.

Kila darasa lina kiongozi na gurupu la wasapu. Ikinyesha mvua kubwa usiku, asubuhi aulize nani kaingiliwa na maji, majina yafike idarani siku hiyo hiyo, testi ya hao isogezwe wiki moja, barua itafuata maji yakitoka. Dakhalia, yaani bweni la chuo, wawekwe japo kwa godoro la chini mpaka vyumba vyao vikauke. Na hela za lile boksi ziwafikie na wao bila ya kuja kujieleza mbele za watu, maana mtoto wa watu kalelewa kusitiri shida zake, ukimwambia asimame aombe hatosimama.

Wapo watakaodanganya, haya, nakubali, wawili watatu hawakosekani. Mie bora hao watatu wapate wiki ya bure kuliko mmoja aliyekesha anachota maji kwa ndoo akapata sapu, akarudia mtihani.

Na walimu wetu wanaojua ardhi na mikondo ya maji watwambie mapema mitaa gani tusipange.

Leo usiku namnakilia mada ya nne na ya tano kwa mkono. Mwenye noti za wiki ya pili kamili anitumie picha, zangu zina kurasa mbili sikuziandika, na testi ya pili Jumatano.