Mpishi aingie kwenye bajeti kabla ya kamera ya pili

Juma lililopita nilikwenda Mikindani kuwatazama vijana wakirekodi filamu. Saa tisa alasiri iliwakuta hawajatia kitu mdomoni tangu chai ya alfajiri. Kisha bodaboda ikaja kutoka Mtwara mjini na chipsi kuku za dairekta na mwigizaji mkuu. Wengine wote wakagawiwa biskuti na soda. Kijana aliyekuwa ameinua fimbo ya maiki tangu asubuhi naye akapewa pakiti yake ya biskuti, akaenda kukaa chini ya mnazi peke yake. Niliumia, na mpaka leo ninapoandika haya bado nina hasira.

Najua hela ni kidogo. Filamu zetu nyingi za Kusini zinaanza na fedha ya korosho ya mjomba fulani, na prodyuza huyohuyo ndiye dereva na ndiye mshika taa. Hilo nalikubali. Lakini hela hiyohiyo ilitosha kukodi kamera ya pili, na ya chakula ikaachwa kwa maneno ya "tutajua hukohuko."

Njaa yenyewe watu wanaivumilia, mradi wawe nayo wote. Sahani mbili hawaivumilii, na wala wasiivumilie! Ukishawaonyesha watu kwamba huyu ni wa kuku na yule ni wa biskuti, umewaambia kazi ya nani ina thamani. Baada ya hapo usitegemee mshika taa akukimbilie jua likigeuka. Na jua linageuka haraka. Mwanga mzuri kuliko wote ufukweni unakuja kuanzia saa kumi na moja, saa ileile ambayo mtu mwenye njaa mikono inamtetemeka na mwigizaji anasahau maneno. Mnarudia sini mara ya nne, ya tano, giza linaingia, kesho mnarudi kukodi vifaa upya. Hesabu hiyo ya kukodi upya ingelisha kundi zima.

Marekani, chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kimeliweka hili kwenye mikataba: zisipite saa 6 za kazi bila mwigizaji kupewa muda wa kula, na zikipita prodyuza analipa faini. Sisi hatuna chama chenye nguvu hiyo, kwa hiyo inabaki utu wa mwenye filamu.

Na tuko wapi? Tuko Mtwara! Mbaazi tunalima mpaka zinavuka bahari kwenda India. Muhogo upo, kunde zipo, choroko, kisamvu, samaki wanashuka asubuhi. Ming'oko, ile mizizi ya porini, inauzwa barabarani ikiwa imechemshwa, na kijana akila sahani moja anafika jioni bila kulalamika. Mtafute mama lishe wa palepale mnaporekodi, apike palepale. Usimpikishe mjini alfajiri ukabeba masufuria garini, maana kwa joto letu mchuzi wa nazi unachacha kabla ya adhuhuri, na watu wakiharisha filamu imesimama. Kama ni lazima kubeba kutoka mbali, beba maharage yasiyotiwa nazi, tui litiwe hukohuko. Maji ya kunywa yawepo mchana kutwa, yasisubiri chakula.

Mwezi wa Ramadhani, ratiba ifuate futari. Wengi wetu huku tunafunga, na si haki kumrekodi mtu aliyefunga akibeba magunia juani.

Wapo watakaosema mwigizaji mkuu ana jina, ndiye anayeuza filamu, lazima atunzwe. Sawa, mtunzeni: mpeni kivuli, mpeni kiti, mlipeni zaidi kama mlivyopatana. Chakula kitoke sufuria moja, na dairekta apakuliwe mwisho.

Jambo la mwisho ni mama lishe mwenyewe. Nimesikia wanaambiwa "mama, tutakulipa filamu ikitoka." Yule mama samaki kanunua kwa fedha taslimu, mkaa kanunua, nazi kanunua, na mtaji wake wote ni wa siku moja. Mlipeni jioni ya kuamkia siku ya kurekodi, mkononi, kabla hajaenda sokoni.