Sikuzama, Nilikaa Majini

Najua mmeshaiona. Shemeji kaitupa video yangu nikianguka mtumbwini kwenye kundi la familia jana usiku, na alfajiri hii binamu yangu wa Muscat ananiuliza kama nimeshakauka. Naandika haraka haraka, kaptura bado inachuruzika kwenye kamba, kabla habari haijamfikia Bibi ikiwa imetiwa chumvi. Shemeji kaandika "NAHODHA KAZAMA", herufi kubwa zote. Sikuzama. Kuzama ni mpaka maji yakuzidi kimo.

Mahali penyewe ni mto Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mbele ya kijiji cha La Roque-Gageac. Kijiji kimebanwa hasa: nyuma jabali, mbele mto, katikati barabara moja na nyumba za mawe zinazopanda ukutani. Na kina migomba. Ndiyo, migomba, pamoja na mitende. Jabali linatazama kusini, linapigwa jua mchana kutwa na linakinga upepo wa kaskazini, basi mgomba unastawi utadhani uko Muheza. Migomba hiyo ndiyo iliyoniponza. Tutafika.

Wale mlioniuliza utaratibu kabla ya kuniuliza afya (nimewaona, na majina nimeyaweka), safari inakwenda hivi. Wakodishaji mitumbwi wamejaa kando ya mto, kila mmoja na rangi yake. Unachagua kipande cha mto. Sisi tulichukua kutoka Cénac hadi Beynac, takriban kilomita 9, ambazo mtu asiye na haraka anazimaliza kwa saa mbili hivi, maana mkondo unakusukuma. Kabla hujalipa, uliza kuhusu basi dogo lao. Wengine wanakupandisha juu kwanza, halafu unateremka na maji mpaka pale ulipoegesha gari lako. Wengine wanakufuata mwisho wa safari, na ukilikosa basi la mwisho, miguu yako ndiyo basi. Chagua wale wa kwanza. Mnapewa jaketi la kuelea na kafi kila mtu, na pipa moja la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Simu, funguo, chakula, vyote vinaingia humo, na kifuniko unakikaza mpaka kinakataa kabisa. Ujue kuogelea walau mita 25. Uvae viatu vya kufunga, kwa sababu chini ni changarawe na kuna mahali utashuka kuusukuma mtumbwi.

Mimi nilivaa ndara.

Kijana wa kukodisha alieleza vizuri tu, na kaka akatafsiri. Anayejua zaidi akae nyuma, kwa kuwa usukani uko nyuma. Mwenye mikono akae mbele apige kafi. Mmoja apige kulia, mwenzake kushoto, mkipiga upande mmoja mtazunguka hapo hapo hadi magharibi. Gabare, ile mashua ya watalii, ikija, mpishe. Na msisimame. Alipofika kwenye "msisimame" mimi nilikuwa nimeshaanza hotuba yangu, kwamba kwetu Pangani mto tunao na bahari tunayo, na babu yangu alikuwa akisimama tezi kwenye ngalawa, mkono mmoja usukani, mkono mwingine tasbihi. Shemeji anaikumbuka hotuba hiyo neno kwa neno. Kairekodi tena kwa sauti yake, sekunde arobaini, iko kwenye kundi.

Kaka alibaki na watoto, akasema atatangulia na gari asimame gatini La Roque-Gageac atupige picha tukipita. Wazo zuri sana. Namshukuru.

Kilomita za mwanzo hakuna la kusimulia. Kushoto juu kabisa ya mlima ni Domme, mji wa ngome ulioasisiwa mwaka 1281. Ukienda, usiishie kwenye mandhari na aiskrimu. Chini ya soko lao kuna pango refu unalolitembea kwa miguu, na kwenye minara ya lango kuna michoro iliyochanjwa ukutani na mashujaa wa hekalu (Templars, wale watawa-askari) waliofungwa humo tangu 1307. Hayo nilikuwa namweleza shemeji huku nikiongoza chombo kwa mkono mmoja. Akasema, "Shemeji, tunakwenda upande." Nikamwambia huo ndio mtindo.

Sasa gabare. Ni mashua bapa za mbao, ambazo zamani zilishusha magogo ya mwaloni na mbao za mapipa ya divai kutoka milimani kwenda Libourne na Bordeaux. Zile za kutoka juu kabisa hazikuweza kurudi dhidi ya maji, kwa hiyo mwisho wa safari zilivunjwa na mbao zikauzwa. Siku hizi zinabeba watalii, zinaondoka gatini hapo hapo kijijini kwa safari ya karibu saa nzima, na mwongozaji anasema kwa kipaza sauti. Kumbukeni hicho kipaza sauti.

Tukatokeza kwenye kona, kijiji chote hicho hapo. Jua la saa tano, mawe ya rangi ya asali, migomba imepangana chini ya jabali. Nikasema hii lazima Mama aione. Shemeji akasema kaka yuko gatini na simu, atapiga yeye. Nikajibu kwamba kaka hana jicho la picha. Nikaweka kafi miguuni, nikalivuta pipa, nikafungua kifuniko, nikachukua simu. Kifuniko nikakiweka pembeni. (Pembeni ni wapi? Ndani ya mtumbwi hakuna pembeni. Nimeliwaza hilo sana.)

Kutokea chini migomba haikuingia yote kwenye picha. Nikasimama.

"Shemeji, kaa chini."

"Nimekaa sana."

Polepole hapa, maana watu wanaongeza yao. Ngalawa ya babu ina matengo, yale magogo mawili ya ubavuni yanayokaa juu ya maji kulia na kushoto, ndiyo maana mtu anaweza kusimama na hata kucheza. Mtumbwi wa plastiki hauna matengo. Unasimama kwa sababu wewe umekaa, basi. Ukinyanyuka, uzito wako wote unapanda juu na chombo kinabaki kutafuta mahali pa kuulaza. Pili, niliyeshika usukani nilikuwa nimeshika simu, kwa hiyo mkondo ukatugeuza ubavu. Tatu, upande wa kushoto, ng'ambo ya kijiji, kulikuwa na fungu la changarawe, na omo ikapanda juu yake kwa ulaini kabisa, *krrr*.

Mtumbwi ukasimama. Mimi nikaendelea.

Sikuanguka moja kwa moja, hapo shemeji kadanganya. Nilipiga kwanza hatua ya kinyumenyume iliyofanikiwa. Chombo kimelala ubavu juu ya changarawe, maji yanakisukuma kutoka juu mtoni. Mwili wa binadamu ukiogopa kitu unakikimbia, nami nikalikimbia lile fungu, nikaegemea upande yanakotoka maji. Huko ndiko kusikoegemewa kabisa. Ukikwama ubavu, jiegemeze kwenye kile kilichokukwamisha, kiwe jiwe, mti au changarawe, ubavu wa juu mtoni unyanyuke na maji yapite chini yake. Ukiegemea upande wa pili, ukingo unainama, maji yanaingia kama yamealikwa, na hapo hakuna nguvu za mtu zitakazouinua. Ukingo ukainama. Nikaona maji yanaingia, ya kijani, safi, nikayatazama yakifunika ndara ya kushoto na kuiondoa mguuni kwa adabu. Simu niliinyanyua juu. Hilo shemeji hakulisema: muda wote mkono wa simu ulikuwa juu.

Gabare nayo ikawa inapita, imejaa. Mwongozaji alikuwa katikati ya maelezo, na kaka anaapa alikuwa amefika pale mashua zinapovunjwa na kuuzwa mbao. Akanyamaza. Kipaza sauti kikiwa wazi, mto mzima ukasikia mtu akivuta pumzi kwa Kifaransa.

Nikaingia.

Maji ya Dordogne ni baridi hata kiangazi. Yalinipiga kifuani, nikapoteza hesabu ya juu na chini, na nikafanya alichofundishwa kila mtoto wa pwani: nikaogelea. Niliogelea kwa nguvu zangu zote, mkono mmoja, maana mwingine una simu, jaketi limenipanda masikioni, miguu inachapa maji mpaka povu. Nikasikia shemeji ananiita. Nikajibu, "Usiogope, nakuja!" Yeye alishashuka kitambo kwenye changarawe, amesimama, mkono kiunoni, pipa kalidaka kwa mguu.

Kisha ikapita miguu. Miguu ya mtoto, wa miaka minane labda, amevaa viatu vya maji vya samawati, anatembea na kikapu chake cha kuvulia. Akasimama mbele ya uso wangu, akaniamkia, akasema bwana, hapa unaweza kusimama.

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Gabare nzima ikapiga makofi. Mwongozaji akasema kitu kwa kipaza sauti, wakacheka. Kaka amekataa kunitafsiria mpaka leo, ila watoto wake wanakisema wakiniona na wanaanguka chini kwa kicheko. We unayeandika "chombo cha kuzama hakina usukani" huko chini kwenye maoni, usukani ulikuwepo, mwenye usukani ndiye alikuwa nje.

Yaliyobaki ni mafupi. Mtumbwi uliojaa maji usiunyanyue, ni mamia ya kilo, na usisimame upande yanakokwenda maji, utakubana kwenye jiwe. Tuliukokota mpaka pa kina kifupi, tukaulaza ubavu maji yakatoka yenyewe, tukaupindua, tukainua ncha moja yakaisha. Simu nzima. Funguo zilikuwa chini ya pipa, zikapona. Sambusa zilikwenda na mto, na nina hakika bata wa Dordogne hawajawahi kula pilipili ile. Tukaendelea hadi Beynac, nyuma amekaa shemeji.

Huko mbele ndiko kuzuri kuliko kote, nami nilikuwa natetemeka tu. Juu kulia bustani ya Marqueyssac, vichaka 150,000 vya mboksi vinavyopunguzwa kwa mkono. Kushoto ngome ya Castelnaud, ambayo sasa ni makumbusho ya vita vya kale na ina manati makubwa ya kurushia mawe. Mbele yake ngome ya Beynac juu ya jabali. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, Waingereza na Wafaransa walikuwa wakitazamana kutoka ngome hizo mbili, mto katikati. Mwenye muda ateremke hadi Milandes, kasri ya Joséphine Baker, yule mwimbaji na mcheza dansi mashuhuri, aliyoinunua 1947 akalea humo watoto kumi na wawili aliowaasili, kisha akatolewa 1969 kwa madeni. Vazi lake la ndizi liko humo. Shemeji alitaka twende siku hiyo hiyo. Nikamwambia kwa leo ndizi zimetosha.

Na mkiwa na njaa, fikeni mezani kabla ya saa saba na nusu. Ikifika saa nane jikoni kumefungwa, hata uwe umelowa namna gani. Wasiokula kila kitu waulize kwanza, maana viazi vya huku vinakaangwa kwa mafuta ya bata.

Kurudisha vifaa, kijana akahesabu: makafi mawili, majaketi mawili, pipa moja, kifuniko hakuna. Ndara haikumhusu. Kifuniko tukakilipa, akauliza risiti aandike jina gani, na kabla sijafungua mdomo shemeji akamtajia. Imeandikwa "Capitaine". Kaipiga picha.