Glasi kumi na tano nisizozinywa

Sinywi pombe. Naliweka wazi mapema, msomaji asije akafika katikati akajiuliza mtu wa Tanga, tena aliyechapwa bakora za chuo cha Kurani mpaka akahitimu, alifuata nini kwenye mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini. Nilikuwa Cape Town kwa warsha, warsha ikaisha, nikabaki na siku mbili mkononi. Wenzangu wawili wa kutoka Nairobi walishalipia safari ya siku moja kwenda bara, Stellenbosch na Franschhoek, kikundi kidogo cha watu wasiozidi wanane, kuonja mvinyo na kutembelea miji ya kale. "Twende tu, utaona miji," wakaniambia. Miji ndiyo iliyoniponza.

Nikiulizwa leo kama safari hizi zinafaa, nitasema zinafaa, nenda. Ila zimegawanywa vibaya. Glasi inapewa saa, mji unapewa dakika. Sitii chumvi, kwa sababu asiyekunywa hana kazi nyingine zaidi ya kutazama saa, na mimi niliitazama. Mashamba matatu yalichukua saa tatu na robo. Stellenbosch, mji wa mwaka 1679, ulipata dakika arobaini, na kati ya hizo kumi zilikwenda kwenye foleni ya choo.

Tuliondoka saa mbili na nusu asubuhi. Dereva ndiye huyo huyo mwongoza wageni, mtu wa makamo mzaliwa wa Paarl, ambaye alituomba tumwite Anko kama vijana wa kwao wanavyomwita. Hapa kikundi kidogo kina thamani yake, na nakisifu bila kinyongo. Ndani ya basi la watu hamsini wewe ni mzigo unaopakiwa na kushushwa. Ndani ya kile kipanya cha watu wanane niliweza kuuliza swali, nikajibiwa, nikauliza la pili. Tulipokuwa tunakata kona kuiacha barabara kuu ya N2, Anko akanyoosha kidole upande wa baharini. "Kule Macassar kuna kaburi la Sheikh Yusuf," akasema, na gari halikupunguza mwendo. Nikaliweka moyoni.

Sasa Stellenbosch. Mtu wa pwani akishushwa Dorp Street hahitaji maelezo marefu. Nyumba ni nyeupe, kuta nene, na mbele ya nyingi kuna jukwaa la kukaa jioni na kutazama wapita njia. Wao wanaliita stoep. Mimi niliona baraza. Mahali fulani lipu ilikuwa imebanduka, nikasogeza uso nikaona chembe nyeupe za ganda la kombe ndani ya chokaa. Cape walikuwa wakichoma makombe ya baharini kupata chokaa, kama sisi tulivyochoma matumbawe. Nimesimama kando ya tanuri la chokaa nikiwa mtoto, naijua harufu yake, na sikutegemea kuikumbuka kilomita hamsini kutoka Cape Town huku nimezungukwa na maduka ya kahawa.

Kando ya barabara inapita mifereji myembamba ya maji. Anko alieleza kwamba zamani kila nyumba ilikuwa na zamu yake: saa yako ikifika unafungua maji yaingie bustanini, ikiisha unafunga, jirani anafungua. Nilitaka kujua ugomvi wa zamu ulikuwa unaamuliwa na nani, maana ugomvi lazima ulikuwepo. Muda haukuwepo. Nilipata tu la mialoni, ile miti ya oak. Mji umejaa mialoni tangu enzi za Simon van der Stel, gavana wa Kiholanzi aliyeuanzisha na kuupa jina lake. Lakini huko Cape mti ule unakua haraka mno, mbao zake zinakuwa na vinyweleo vikubwa, na pipa lake la mvinyo linavuja. Kwa hiyo wamezungukwa na mialoni karne tatu na mapipa wanaagiza Ufaransa. Van der Stel mwenyewe alizaliwa njiani kuelekea Mauritius, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa Kihindi. Kwetu tungemwita chotara na tusingeona ajabu. Katika nchi iliyokuja kuwatenga watu kwa rangi, mwasisi wa mji kama huyo ni habari ya kukalia kitako. Anko akapiga makofi. Tulikuwa na miadi ya saa tano.

Nitaeleza na kuonja, ili wanywaji wasiseme nimewadharau. Mnakaa kwenye meza ndefu chini ya mti, anakuja kijana aliyevaa aproni, anawamiminia mvinyo wa kufunika tu kitako cha glasi. Glasi tano kwa kila shamba, kuanzia mweupe kwenda mwekundu. Mnazungusha, mnanusa, mnaonja, anayetaka kutema anatema ndooni. Kijana anataja harufu: jani la nyanya, moshi, ngozi ya tandiko. Mimi nilinusa zote. Pua haijaharamishiwa kitu, na ile ya jani la nyanya kweli ilikuwepo. Nilijifunza pia kwamba zabibu iitwayo Pinotage ilizaliwa hapo hapo Stellenbosch mwaka 1925, pale Profesa Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut. Kwa dakika ishirini za kwanza nilifurahi kama mwanafunzi. Kisha maelezo yakaisha, wenzangu wakaanza kucheka kwa sauti, mimi nikabaki na juisi ya zabibu.

Shamba la pili, juisi tena. La tatu wakaniletea maji yenye kipande cha limau, na yule dada aliyeleta alinipa pole kama mtu aliyefiwa. Bei niliyolipa ni ile ile ya wenzangu. Niliuliza kwa waliotuuzia safari kama asiyekunywa ana nafuu yoyote, nikajibiwa kwamba kuonja kumo ndani ya bei, "ni hiari." Hiari ya kulipia nisichokitumia.

Hata hivyo kilichonikera zaidi ni kengele. Katika shamba moja, kati ya maegesho na meza, kuna mnara mdogo mweupe wenye kengele ya shaba. Mzee mmoja wa kundi letu, mtu mpole aliyesafiri na mkewe, akavuta kamba ili mkewe ampige picha. Ikalia mara mbili. Anko alikuwa ameegemea gari, akasema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha watumwa. Mzee akaiachia kamba kama imemuunguza. Hakuna aliyeongeza neno, na kibao kilichokuwepo pale kilieleza aina za zabibu.

Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mwaka 1659, mwaka mmoja tu baada ya shehena kubwa za kwanza za watumwa kushushwa. Kati ya 1652 na 1808 waliletwa watu wanaokadiriwa 63,000, takriban robo kwa robo: India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na bara letu. Wa bara wengi walitoka Msumbiji, wakaitwa Masbieker, na miongoni mwao walikuwemo Wamakua. Shemeji yangu ni Mmakua wa Masasi. Huko kwetu kabila hilo tunalitania kwenye harusi. Nikiwa pale nikajiuliza nani alikuwa akipanda ile mizabibu, nani alikuwa akichoma yale makombe, na jibu likaja na sura ya mtu ninayekula naye Idi.

Baada ya utumwa likaja jambo lililoitwa dop: kibarua anapewa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, tangu asubuhi. Sheria ilikuja kulipiga marufuku, likaendelea chini kwa chini. Hadi leo watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe aliyokunywa mama akiwa mjamzito ni wengi katika jimbo hilo la Western Cape kuliko karibu kila mahali palipowahi kupimwa duniani. Bibi yake Anko alichuma zabibu. Alilitaja hilo mara moja tu, tulipokuwa wawili, akabadilisha mada.

Ukitoka Stellenbosch unapanda mlima wa Helshoogte, na ukianza kushuka upande wa pili unakutana na Pniel. Kijiji kile kilianzishwa mwaka 1843 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Sheria ya ukombozi ilianza tarehe 1 Desemba 1834, lakini wakashikiliwa miaka minne mingine kwa jina la uanagenzi, na mabwana wakalipwa fidia. Pniel haikuwemo kwenye ratiba. Niliomba tusimame, wenzangu wa Nairobi wakaniunga mkono, Anko akatazama saa yake, akasema dakika tano. Kanisa jeupe, vibanda vya maua, milima nyuma yake imesimama kama ukuta wa ngome. Mama mmoja alikuwa akifagia uwanja wa kanisa, akatupungia mkono akaendelea kufagia. Zile dakika tano ndizo ninazozikumbuka vizuri kuliko saa zote tatu na robo za mashamba.

Franschhoek nitaipitia haraka, kama yenyewe inavyotaka upitie ukinunua. Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso kwao walipewa ardhi hapo mwaka 1688, bonde likiwa bado linaitwa kona ya tembo. Vizazi vichache baadaye Kifaransa kilikuwa kimeshakufa midomoni mwao, kikabaki kwenye majina ya mashamba na sasa kwenye orodha za vyakula. Mji ni mzuri kama keki. Tulikula samaki aina ya trauti, bei sitaitaja, mke wangu husoma ninachoandika.

Tuliporudi tulipita mbele ya gereza alimotoka Mandela tarehe 11 Februari 1990, tukapiga picha kwenye sanamu lake, dakika kumi. Halafu Paarl, na juu ya kilima nguzo za mnara wa kumbukumbu ya lugha ya Kiafrikaans uliofunguliwa mwaka 1975. Hapo nikamuuliza Anko kama anajua kwamba Waislamu wa Cape walikiandika Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu katika madrasa zao, na kwamba kitabu cha Abu Bakr Effendi kilichoandikwa hivyo kilichapwa Istanbul mwaka 1877. Alijua. Alisema wageni huwa hawaulizi. Mimi bibi yangu aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi hizo hizo, na mbao zile za chuoni zilinifunza kuzisoma. Tukazungumza kutoka Paarl mpaka mjini, watu wengine wamelala.

Mmoja wa wenzangu wa Nairobi alinipinga usiku ule, na alinipinga vizuri. Alisema bila mvinyo ile miji ingekuwa magofu. Fedha ya wanywaji ndiyo inayopaka chokaa zile kuta kila mwaka. Akaniuliza, na Pangani yenu je? Pangani hainyweshi mgeni mvinyo, na majumba ya zamani yanaporomoka moja baada ya jingine mto ukiyatazama. Sikuwa na jibu la papo hapo. Ni kweli nyumba nzuri hazisimami kwa mapenzi ya wanahistoria.

Lakini mimi sikusema wafunge mashamba. Nasema wapunguze moja. Mtu aliyeonja glasi kumi hana anachopoteza asipoonja za kumi na moja hadi kumi na tano. Kwa hakika wenzangu hawakukumbuka hata jina la shamba la tatu. Saa hiyo moja ipewe Pniel nusu na Stellenbosch nusu, mtu ajue zamu za maji zilivyokwenda. Asiyekunywa apunguziwe bei, si kwa huruma, kwa hesabu tu. Na kengele iwekewe kibao.

Nayasema haya pia kwa sababu naona Dodoma inakuja. Zabibu ipo na huvunwa mara mbili kwa mwaka, mvinyo upo, na wageni wa makao makuu wanaongezeka. Siku moja kijana mwenye kipanya ataanza kuuza safari ya Jumamosi. Akinakili Franschhoek, atajenga meza chini ya mti na kuishia hapo. Namwomba avuke: Mpwapwa misafara ya kutoka pwani ilipumzika, na Kondoa michoro ya mapangoni imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Kondoa ni mbali kwa siku moja, najua. Alale.

Kesho yake asubuhi nilikodi taksi kwenda Macassar. Sheikh Yusuf alikuwa mwanachuoni kutoka Sulawesi, akawapiga Waholanzi vita, wakamkamata, wakamleta Cape mwaka 1694 pamoja na watu arobaini na tisa wa kwake, wakamweka shambani Zandvliet ili awe mbali na mji. Akafa 1699. Kaburi liko juu ya kilima cha mchanga, lina kuba, na limefunikwa kitambaa cha kijani. Nilivua viatu, nikasoma Fatiha na Yasini. Nje, mzee aliyekuwa akimwagilia maua aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akanionyesha mto unaopita chini ya kilima kwenda baharini, akaniambia unaitwa Eerste. Ndio ule ule wa Stellenbosch, ule unaojaza mifereji. Dereva wa taksi alinisubiri saa mbili bila kulalamika, akanitoza chini ya nusu ya nilicholipia glasi.